Mfalme Anapouza Watu Wake: Vita vya Kiva na Agano la Utawala

Wakristo wengi wa Tanga tukisikia neno mapinduzi, mawazo yetu huvuka bahari. Huenda Zanzibar, Januari 1964, au mbali zaidi, Ufaransa ya 1789 na Urusi ya 1917. Ni wachache kati yetu wanaokumbuka kwamba hapa hapa petu, kati ya milima ya Usambara na pwani, raia waliinuka na kuung'oa utawala wa kifalme karibu miaka mia moja kabla ya mapinduzi ya Zanzibar. Wazee wa Bonde wanaliita tukio hilo Kiva.

Tunaandika habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni historia yetu, na mtu asiyejua alikotoka hawezi kueleza vizuri alipofika. Pili, ndani ya Kiva limo swali ambalo kila msomaji wa Biblia hukutana nalo: ikiwa mamlaka yote yatoka kwa Mungu, kama Mtume Paulo afundishavyo katika Warumi 13, tuseme nini pale mwenye mamlaka anapomla yule aliyepewa amlinde?

Ufalme uliojengwa juu ya nyama na mvua

Ufalme wa Wakilindi ulianza na mgeni. Simulizi zetu zinasema kwamba Mbega alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Kwa sababu hiyo ndugu zake walimhesabu kuwa kigego, mtoto wa mkosi, wakamnyima urithi. Akawa mwindaji. Alipopanda milima ya Usambara aliwaua nguruwe-mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Alipomuua simba, watu wa Vuga walimfanya mtawala wao. Tangu hapo mfalme wa Wasambaa akaitwa Simba Mwene.

Tukiitazama simulizi hii kwa makini tutaona kwamba imebeba fundisho la siasa. Mbega hakuingia Vuga kwa kuwapiga watu. Aliingia kwa kuwafaa. Aliondoa madhara, akagawa alichopata, akapokea alichopewa. Kiti chake kilisimama juu ya kupokezana.

Wasambaa wana maneno mawili ya kumpima mtawala. Wanasema mtawala anaweza kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, mvua inyeshe, chakula kipatikane, watu waishi kwa amani. Au anaweza kubana shi, yaani kuiharibu nchi, njaa iingie, watu watawanyike. Waliamini kwamba nchi hupona mfalme akiwa mmoja na nguvu zake zikiwa hazina mpinzani. Machifu wakishindana, nguvu kwa nguvu, nchi huumia. Katika mawazo hayo mfalme alikuwa na uwezo mkubwa sana, hata watu walijiita watumwa wake. Lakini uwezo ule ulikuwa na kazi. Tena pale Vuga maofisa wakubwa wa ikulu, kama Mlughu, walikuwa raia wa kawaida wala si Wakilindi. Ukoo wa kifalme ulitawala, lakini haukuwa peke yake.

Ufalme huu ulifika kilele chake wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu karibu 1815 hadi alipofariki mwaka 1862. Aliwaweka wanawe kuwa machifu katika sehemu mbalimbali za nchi, na mkono wake ulifika Bonde hadi karibu na bahari. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Ujerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha CMS, alimtembelea Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Mwaka 1857 walifika Burton na Speke. Wageni hao walimkuta mzee aliyeogopwa na kuheshimiwa, mwenye sifa ya kuleta mvua.

Bunduki, karafuu na watoto wa watu

Lakini Kimweri alipokuwa akizeeka milimani, mambo mapya yalikuwa yakikua chini, bondeni na pwani. Tunaweza kuzitaja sababu nne zilizouvunja ufalme wake.

Ya kwanza ni biashara. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji watumwa wengi, na baadaye mashamba ya miwa ya Pangani nayo yakawahitaji. Bei ya mtu pwani ikawa kishawishi kwa kila mwenye nguvu bara.

Ya pili ni silaha. Bunduki na baruti zilipanda kutoka bandari za pwani pamoja na misafara. Zamani nguvu za chifu zilitegemea watu waliomkubali na wajomba waliomlea. Sasa chifu mwenye bunduki aliweza kutawala watu wasiomtaka. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, aliliona hilo mapema. Makao yake yalikuwa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara ya bonde la mto Pangani. Vuga ilikuwa na heshima ya mvua na matambiko, lakini Mazinde ilikuwa na wafanyabiashara, vitambaa na baruti.

Ya tatu ni urithi. Kimweri alipofariki, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, naye alikuwa kijana. Baba zake wadogo walikuwa wameshatawala kwa miaka mingi katika sehemu zao, na Semboja hakukubali kuwa chini ya mtoto wa ndugu yake. Ile hali iliyoogopwa na wazee, nguvu kwa nguvu, ikaingia ndani ya nyumba ya mfalme yenyewe.

Ya nne, na kwetu hii ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba hukumu iligeuka kuwa duka. Chifu aliyehitaji bunduki alihitaji watu wa kuuza, na njia ya karibu ya kuwapata ilikuwa baraza lake mwenyewe. Kosa la mtu mmoja lilitozwa faini isiyolipika, na familia ikachukuliwa kufidia deni. Mashtaka ya uchawi yakawa mlango wa utumwa. Mkulima wa Bonde aliyekwenda kwa chifu kutafuta haki aliweza kurudi bila mtoto wake. Mlinzi wa zizi alikuwa amefungua lango upande wa sokoni.

Kiva

Mnamo mwaka 1868 Wabondei waliinuka, pamoja na watu wa Usambara ya Mashariki. Wakilindi waliokuwa wakiwatawala walishambuliwa katika miji yao. Wengi waliuawa, wengine walikimbia. Wakati huo huo Semboja alipigana na Shekulwavu, akamfukuza Vuga, na mji wa kifalme ukachomwa moto. Semboja hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti cha mababu, mwenyewe akabaki Mazinde karibu na njia ya misafara. Kitendo hicho chatosha kutuonyesha nguvu zilikuwa zimehamia wapi.

Mengi ya habari hizi tunayajua kwa sababu Mswahili mmoja, Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na Wakilindi na kuwafahamu kwa karibu, aliyaandika katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kilichapishwa na wamisionari wa UMCA kule Magila, katikati ya nchi ya Bonde, ambako ndugu zetu Waanglikana walikuwa wamefika miaka ileile ya vita.

Je, Wabondei waliongozwa na fikra gani? Hawakusoma vitabu vya Wafaransa. Hawakuandika tamko la haki za binadamu. Lakini tusidhani kwamba watu wasioandika hawana mawazo. Walikuwa na kipimo walichorithi: mtawala ni wa kuitengeneza nchi. Walipoona kwamba anayeitwa mfalme anaibomoa kwa kuwauza wenye nchi, hawakuhitaji falsafa ya ng'ambo kuwaambia kwamba mapatano yamevunjika. Aliyeyavunja kwanza ni yule aliyekalia kiti.

Farasi wa Misri

Hapa Biblia inatushangaza. Katika Kumbukumbu la Torati 17, Mungu anatoa masharti ya mfalme kabla Israeli haijawa na mfalme hata mmoja. Mfalme asijiongezee farasi, wala asiwarudishe watu Misri kwa ajili ya kupata farasi. Asijiongezee wake, fedha wala dhahabu. Aandike nakala ya torati, aisome siku zote, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake.

Tuitazame tena sentensi ile ya farasi. Zamani zile farasi hakuwa mnyama wa kubeba mizigo shambani. Alikuwa chombo cha vita, kama bunduki ilivyokuwa katika karne ya 19. Na Misri ilikuwa nyumba ya utumwa. Kwa hiyo Mungu anakataza jambo moja lililo wazi: mfalme asiwarudishe watu wake utumwani ili apate silaha. Mahali pa Misri weka pwani, mahali pa farasi weka bunduki, nawe umeisoma historia ya Bonde kabla ya Kiva.

Samweli naye aliwaonya Israeli (1 Samweli 8) kwamba mfalme atawachukua wana wao, binti zao, mashamba yao na mifugo yao, hata wao wenyewe wawe watumwa wake. Na Daudi, ingawa alikuwa amepakwa mafuta na nabii, hakutawala makabila yote kabla ya kufanya agano na wazee wao huko Hebroni (2 Samweli 5:3). Ufalme wa Biblia una agano, na agano lina pande mbili.

Sisi Walutheri tunalo jambo la kuongeza. Mara nyingi fundisho letu juu ya serikali limeelezwa kama vile ni la utii tu. Ni kweli kwamba mwaka 1525, wakulima wa Ujerumani walipoasi, Martin Luther kwanza aliwakemea watawala kwa dhuluma zao, kisha akawageukia wakulima kwa maneno makali sana, na makumi ya maelfu yao wakauawa. Ukurasa huo ni mzito katika historia ya Kanisa letu, na haufai kurukwa. Lakini Ukiri wa Augsburg wa mwaka 1530, katika kifungu cha 16, unafundisha kwamba Wakristo hutii mamlaka isipokuwa pale wanapoamriwa kutenda dhambi, kwa maana imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu (Matendo 5:29). Na mwaka 1550 wachungaji wa mji wa Magdeburg, ukiwa umezingirwa na majeshi, walitangaza kwamba mtawala mkuu akivunja sheria ya Mungu, viongozi walio chini yake wana wajibu wa kuwalinda watu dhidi yake.

Mawazo hayo yalisafiri. Yalichangia fikra za watu waliosema kwamba mfalme naye yuko chini ya sheria. Uingereza ilimhukumu na kumuua mfalme wake, Charles wa Kwanza, mwaka 1649. Ufaransa ilimuua Louis wa Kumi na Sita mwaka 1793, ikisema kwamba nchi ni ya taifa wala si ya mfalme. Sababu za kila nchi zilikuwa zake: kodi, madeni, bei ya mkate, dini. Lakini chini yake kulikuwa na lalamiko linalofanana na lile la Bonde: aliyepewa watu awalinde amewafanya mali yake.

Baada ya kiti kuanguka

Kama habari ingeishia hapo, tungeimba na kwenda nyumbani. Lakini haki ya madai ya Wabondei haikuitakasa kila kazi ya mikono yao. Kiva haikuwachagua waliouza watu peke yao. Mtu aliweza kuuawa kwa sababu tu alizaliwa katika ukoo wa Kilindi. Na simulizi zinasema kwamba baadhi ya wake na watoto wa Wakilindi walishikwa, wakauzwa. Utawala uliouza watu uliangushwa, lakini biashara ya watu haikuanguka. Kwa miaka mingi baadaye nchi ilijaa mapigano na utekaji. Hata baada ya Sultani wa Zanzibar kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873, mateka waliendelea kushushwa Pangani na kuvushwa kwa siri hadi Pemba.

Jambo hili nalo Biblia ilikwisha kulionyesha. Makabila kumi yalipomwendea Rehoboamu kule Shekemu (1 Wafalme 12), ombi lao lilikuwa la haki: utupunguzie kongwa. Mfalme kijana aliwapuuza wazee, akawasikiliza vijana wenzake, akajibu kwa ukali. Makabila yakaondoka. Andiko lenyewe linasema jambo hilo lilitoka kwa Bwana. Lakini sura haijaisha, na tayari Yeroboamu, kiongozi wa waliojitenga, ametengeneza ndama wawili wa dhahabu. Malalamiko ya haki yalizaa ibada ya sanamu kwa sababu kiongozi mpya aliogopa kukipoteza kiti chake.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwingine. Ufaransa iliyomuua mfalme ilipita katika mauaji ya kutisha, na mwaka 1804 ikamtawaza Napoleon kuwa kaisari. Uingereza ilirudisha ufalme mwaka 1660. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, na tarehe 12 Januari 1964 usultani ukapinduliwa. Manung'uniko juu ya ardhi, ubaguzi na kumbukumbu ya utumwa yalikuwa ya kweli. Lakini katika siku zile waliuawa pia watu wengi ambao hatia yao ilikuwa asili yao tu. John Okello, aliyeongoza mashambulizi, alidai kwamba Mungu ndiye aliyemwita kwa kazi ile. Wafalme walidai kutawala kwa neema ya Mungu, na anayewapindua naye alilishika jina lilelile. Kwa hiyo Mkristo hawezi kupima utawala au mapinduzi kwa kusikia tu jina la Mungu likitajwa. Apime kwa kuangalia yanayompata mnyonge.

Kwetu Bonde na Usambara, mgawanyiko uliofuata Kiva ulimfaa mgeni. Wajerumani walipokuja hawakukuta tena Simba Mwene mmoja anayesikilizwa kuanzia Vuga hadi karibu na bahari. Upinzani mkubwa wa pwani, ulioanza Pangani mwaka 1888 chini ya Abushiri, ulivunjwa, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Watu waliokuwa wamemkataa chifu wa Kilindi wakajikuta chini ya akida wa Mjerumani. Ukoo wa Kilindi uliendelea kutumiwa na wakoloni, Wajerumani na baadaye Waingereza. Katika miaka ya 1950 machifu walipolazimika kuwasimamia wakulima walime matuta wasiyoyataka, heshima iliyobaki ilipungua zaidi. Mwaka 1963, sheria ya Tanganyika huru ilipoufuta utawala wa machifu, Usambara haikuinua mikuki kuutetea. Kiti kilikuwa kimekwisha kuwa kitupu siku nyingi.

Kanisa na watoto waliouzwa

Wamisionari wa Kilutheri, Johanssen na Wohlrab, walifika Mlalo mwaka 1891, na mwaka 1895 misioni ikaanzishwa Vuga, pale pale penye makao ya Simba Mwene. Walikuja katika kivuli cha utawala wa kigeni, na hilo tusilifiche. Lakini kuna kazi moja ya siku zile inayostahili kukumbukwa tunapozungumza juu ya Kiva. Mwaka 1896, kule Lutindi, palianzishwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye Lutindi ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi hiyo inaendelea.

Watoto wale walikuwa masalio ya mfumo ambao machifu waliutajirisha na mapinduzi hayakuumaliza. Watu wazima waligombania kiti, mtoto akauzwa kabla na akauzwa baada. Ndiyo maana tunaona kwamba swali la kuuliza juu ya mapinduzi yoyote halitoshi kuwa nani ameangushwa na nani amekaa. Tuulize pia: je, mtoto yule sasa yuko salama?

Tujifunze nini, sisi washarika wa leo? Hatuna mfalme. Tuna rais, wabunge, madiwani, wenyeviti wa vijiji na mitaa, na ndani ya Kanisa tuna maaskofu, wachungaji na wazee wa usharika. Wote hao wamewekewa sharti lile la Kumbukumbu la Torati: moyo wa kiongozi usiinuke juu ya ndugu zake. Tuwaombee, kama tunavyoagizwa. Lakini kuombea si kunyamaza. Wazee wa Shekemu walisema mapema, wakati Rehoboamu angali na nafasi ya kujibu vizuri. Baraza la kijiji, kikao cha wazazi shuleni na mkutano mkuu wa usharika ni Shekemu zetu. Neno la kweli likisemwa huko kwa adabu na kwa ushujaa, linaweza kuokoa damu nyingi. Kiva huja pale ambapo milango yote ya kusema imefungwa.

Na kila mmoja wetu ana watu waliowekwa chini ya mkono wake. Baba nyumbani, mama mwenye msichana wa kazi, mwalimu darasani, mwenye shamba na vibarua wake, mchungaji na kundi lake. Kabla hatujawahukumu Wakilindi wa zamani, tuangalie kama yupo aliyewekwa kwetu tumlinde, nasi tumemgeuza kuwa farasi wa kutupeleka mbele.

Yuko Mfalme mmoja ambaye hakumuuza yeyote. Yeye ndiye aliyeuzwa kwa vipande thelathini vya fedha, akatoa nafsi yake kuwa fidia ya wengi. Kwa kipimo chake watapimwa wote wakaliao viti, na wote waviangushao.